Meza ya vitabu vya mtumba Ngamiani: kabla hujalipa, funua ukurasa wa 16

Kwenye maduka mengi ya vifaa vya shule hapa Tanga, kitabu cha hadithi ni mgeni. Utakuta madaftari, mikebe ya hesabu, kalamu za rangi na rafu moja ya vitabu vya kiada. Riwaya zikiwepo, ni zile za mtihani. Anayemtafutia mtoto kitabu cha kusoma kwa raha tu huishia kwenye meza za mtumba. Hii ninayoipima iko Ngamiani, kwenye zile barabara za namba: mbao ndefu mbili juu ya kreti za soda, turubai la bluu kichwani, na maboksi matatu chini ambamo ndimo mali yenyewe ilimo. Haina bango. Muuzaji ni mzee mpole, ukimwamkia anakujibu na ruhusa papo hapo: "Marahaba mwanangu, chagua, kufunua hakuna malipo." Kwa ruhusa hiyo peke yake ameshazishinda meza zinazofunga kila kitabu kwenye nailoni na kukuuzia jalada.

Juu ya meza usipoteze muda. Huko kuna riwaya nene za Kimarekani za mapenzi na ujasusi, miongozo ya mitihani, vitabu vya watoto wa Ulaya vyenye theluji kila ukurasa, na kamusi inayoanzia herufi D. Vya Kiswahili viko ndani ya maboksi, vimebanana, mgongo juu. Vile vyembamba vilivyobanwa kwa pini havina maandishi mgongoni, kwa hiyo wengi huvipita, na ndivyo vinavyomfaa mtoto wa darasa la tatu au la nne. Usichomoe kitabu kwa kukivuta kichwa cha mgongo, maana gundi ya zamani hukatikia hapo hapo. Visukume ndani kidogo viwili vya ubavuni, kisha kishike cha katikati kiunoni.

Ukaguzi ndio kazi. Kitabu huchapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, na kila mkunjo hutoa kurasa 16 au 32. Mikunjo hupangwa, hukatwa, hupakwa gundi. Mpangaji akiruka mkunjo mmoja, zinapotea kurasa 16 au 32 kwa mpigo. Akiuweka mara mbili, unasoma kitu kile kile tena, na mkunjo uliostahili kukaa hapo huenda haupo. Kwa hiyo usipekue kitabu kizima, funua kwenye maungio: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, 64 na 65, ukiendelea hivyo kwa kumi na sita. Kama utangulizi umehesabiwa kwa namba za Kirumi, maungio yatasogea kidogo, basi angalia kurasa chache za jirani pia. Kwa riwaya ya kurasa mia na ishirini, ni kazi ya dakika moja. Kurasa zilizochakaa kwa matumizi ni habari nyingine: hizo hutoka mojamoja, na mara nyingi ni zile za mwanzo kabisa na za mwisho kabisa, kwa sababu ndizo zinazobeba uzito wa jalada.

Na mwisho wa kitabu ndipo hasara ilipo. Chukua *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kile kilichoshinda shindano la uandishi wa hadithi la 1957 na 1958 na kuchapwa 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa mwenye kiko, anafungua mafundo mwishoni. Nakala isiyo na kurasa nne za mwisho inaonekana nzima, inauzwa bei ya nzima, na mtoto aliyekesha nayo anabaki amekatishwa katikati ya sentensi. Huyo kumrudisha kwenye kitabu kingine ni kazi. Hadithi ya upelelezi basi anza kuikagua kwa nyuma: ukurasa wa mwisho uwe na sentensi iliyofungwa kwa nukta, na chini yake nafasi tupu. Maandishi yakifika hadi ukingo wa chini, kitilie shaka.

Halafu kuna kopi. Vitabu vinavyotahiniwa hutolewa fotokopi, hubandikwa jalada la rangi na kuuzwa kama chapa halali, na vikishatumika huangukia humu. Dalili zake haziko kwenye jalada. Funua katikati: upande wa mshono kuna kivuli cheusi, mistari imelala, maneno ya mwisho wa mstari yamekatwa. Dalili nyingine nzuri ni mstari uliopigwa chini ya neno na mwanafunzi fulani. Upapase kwa kidole, mbele na nyuma ya ukurasa. Kalamu huwa na rangi yake na mara nyingi huacha mkandamizo kwenye karatasi, lakini kama mstari ni mweusi sawasawa na herufi na hauna mkandamizo wowote, huenda umepigwa kwenye nakala nyingine kabisa na mashine ikaunukuu. Kuwepo kwa ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, si ushahidi, kwa kuwa nayo hunukuliwa, ila inasaidia kujua kilikotoka: za Tanzania hubeba 9976 au 9987, na tangu 2007 hutanguliwa na 978. Mzee wa meza hii, ukimwuliza waziwazi, hukwambia ipi ni kopi. Usipouliza, hasemi.

Pwani ina adui wake. Hewa ya chumvi hula pini za vitabu vyembamba. Kutu hula karatasi kwenye mkunjo, na ukurasa wa kati ndio wa kwanza kuachia. Doa la kahawia kuzunguka pini halina ubaya mkubwa, pini hubadilishwa. Ubaya ni karatasi iliyogeuka unga pale kwenye tundu. Ukungu mweupe au wa kijani unaovuka kutoka jalada hadi ndani, acha, hata kama kitabu ni adimu, kwa sababu utakwenda kuambukiza rafu nzima nyumbani. Vijitundu duara kama vya sindano, kikung'ute juu ya kiganja: ukitoka unga laini mpya, mdudu bado yuko kazini. Karatasi ya manjano peke yake isikutishe. Ni karatasi ya bei nafuu yenye mti mwingi ndani, na jua limeipitia.

Sasa, kipi kichukuliwe. Mzazi wa Tanga akifika hapa mkono wake huenda kwa Shaaban Robert, na ni haki yake: mzaliwa wa Vibambani, 1909, ni mtoto wa nyumbani. Lakini wengi hushika *Kusadikika*, na kwa maoni yangu ndiko wanakokosea. Ile ni nchi inayoelea angani, sawa, hilo mtoto atalipenda. Ila kitabu chenyewe ni kesi. Karama yuko kizimbani, Majivuno anamshitaki, na utetezi wote ni safari za wajumbe sita zinazosimuliwa mbele ya mfalme siku baada ya siku, kwa Kiswahili kilichokazwa kama kamba ya mkonge. Kwa aliye kidato cha pili au cha tatu ni karamu. Kwa wa darasa la sita ni adhabu. Mpe *Adili na Nduguze* cha 1952. Humo kuna liwali mwema, anayesifiwa kwa huruma, ambaye usiku huwachapa viboko manyani wawili, na hakuna mtoto atakayelala bila kujua kwa nini. Lugha ni ya mtu yule yule, lakini swali liko mbele kabisa, nalo ndilo linalovuta kurasa.

Kwa asiyependa kusoma kabisa, nenda *Hekaya za Abunuwasi*. Kila hekaya inajitosheleza na huisha kwa kikao kimoja, na ukipoteza kitabu wiki nzima huna pa kurudia. Vijana wa kiume waliokwisha jiapiza kwamba vitabu ni vya shule tu, hao dawa yao ni Willy Gamba, yule mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba. *Kufa na Kupona* cha 1974 bado kinakimbia, ila si cha mtoto wa msingi. Vinavyotahiniwa, kama *Takadini* au *Watoto wa Mama N'tilie*, usidharau. Ni hadithi nzuri kabisa. Tatizo ni nakala zake: pembeni kila ukurasa pameandikwa "dhamira", "tamathali", "ujumbe", na msomaji mpya hasomi hadithi tena, anasoma majibu ya mtu mwingine. Tafuta iliyo safi au acha.

Kupima kama kitabu kinamfaa mtoto mwenyewe, mfungulie ukurasa wa katikati pale pale mezani asome kwa sauti. Kila neno asilolijua akunje kidole. Ngumi ikifungwa kabla ukurasa haujaisha, kirudishe. Hesabu mistari pia: ishirini hadi ishirini na tano kwa ukurasa, macho ya anayeanza yanapumua, thelathini na nane kwa herufi ndogo kama sisimizi, hata hadithi tamu itamshinda. Na mwache achague kimoja ambacho wewe usingekichukua. Hapo ndipo meza inapolizidi duka, maana kwa bei hii kosa halimuumizi mtu.

Bei zenyewe: kile cha pini, shilingi mia tano hadi elfu moja, riwaya ya kurasa mia na kitu, elfu mbili hadi nne kutegemea hali. Mzee hapunguzi sana kwa kimoja, lakini ukimpangia vitatu analegea. Majira ni muhimu kuliko maneno. Kidato cha nne wakimaliza mtihani Novemba, vitabu hushuka kwa magunia, hivyo Desemba ndiyo wakati wa kuja. Januari shule zikifunguliwa, kitabu kile kile kimepanda, na cha mtihani ndicho kinachopanda zaidi. Siku za kawaida njoo asubuhi mzigo ukifunguliwa. Tanga ni waja leo waondoka leo, na vitabu vizuri vya hapa navyo vina tabia hiyo.

Kasoro za meza hii zipo. Turubai linavuja upande wa kushoto, na boksi la upande huo huwa na unyevunyevu. Usinunue kitu humo masika. Mzee hukarabati mwenyewe, kwa selotepu na gundi ya matone ya mafundi viatu. Selotepu hugeuka manjano na kutoa ulimbo unaonatisha kurasa. Ile gundi hukauka ngumu kama kioo, ukifungua kitabu inavunjika na kubeba karatasi. Kilichokarabatiwa hivyo nunua kwa bei ya kilichovunjika. Huahidi kukurudishia nusu ya bei ukirudisha kitabu, na anatimiza, ila kwa kubadilisha na kingine, si kwa fedha taslimu.

Ukifika nyumbani, usikianike juani. Jua hupinda jalada na kukausha gundi. Kitandaze kivulini penye upepo, kurasa zimeachama, siku mbili tatu. Cha vijitundu kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kitie kwenye friza wiki mbili, kisha kikitoka kikae siku nzima kikiwa bado kimefungwa. Ukifungua mapema, mvuke wa hewa ya Tanga utageuka maji juu ya karatasi na utakuwa umefuga ukungu.

Kurasa zilizolegea zinataka gundi nyeupe ya mbao. Zigonge mezani mpaka zilingane, zibane kati ya mbao mbili mgongo ukichungulia milimita mbili, paka nyembamba kwa brashi, bandika kipande cha bandeji ya shashi, paka tena, tia uzito, acha usiku na mchana. Tabaka nene halifai, linaingia kati ya kurasa na kuzigandisha.

Cha pini zilizooza, zing'oe kwa ncha ya kisu ukiinua mikono yake kwanza. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mawili karibu na ncha. Uzi uwe wa nailoni wa fundi viatu, uliopitishwa kwenye mshumaa; katani ya mkonge, pamoja na kwamba tunayo tele, ni nene na itapasua karatasi. Ingia kwa ndani tundu la kati utokee nje, panda juu uingie ndani, shuka kwa ndani mpaka tundu la chini utokee nje, rudi kati uingie ndani. Ncha mbili za uzi ziwe huku na huku ya ule uzi mrefu wa katikati, ndipo ufunge fundo juu yake. Vuta kwa kufuata mkunjo, usivute kuelekea kwako, la sivyo tundu litachanika.

Meza hufungwa mapema mvua ikianza kunyesha. Nenda na mfuko wako usiopitisha maji, kwa maana mzee hufungia vitabu kwenye magazeti.