Smilla, theluji, na ugomvi wa wasomaji watano

Ugomvi ulianza kabla ya kitabu chenyewe kujadiliwa. Tuko watano tunaosoma kitabu kimoja kila mwezi, na safari hii wawili walikuja na Miss Smilla's Feeling for Snow, watatu tukaja na Smilla's Sense of Snow. Mwenzetu mwalimu wa hesabu akajiona ameuziwa kitabu sicho. Kumbe ni kilekile, riwaya ya Mdenmark Peter Høeg iliyotoka mwaka 1992 kwa jina la Frøken Smillas fornemmelse for sne. Aliyeitafsiri kwa Kiingereza ni Tiina Nunnally. Toleo la Marekani lina jina lake. La Uingereza lilifanyiwa mabadiliko asiyoyataka, akaomba jina lake litolewe, na mahali pake pakaandikwa F. David, jina la bandia. Kitabu cha upelelezi chenye mfasiri wa bandia! Tulicheka, na nadhani ndiyo mara ya mwisho kucheka pamoja jioni ile.

Kisa kinaanza hivi. Ni Desemba, Copenhagen, baridi nyuzi 18 chini ya sifuri. Mtoto wa miaka sita, Isaiah, ameanguka kutoka juu ya paa la ghala mtaa wa Christianshavn na kufa. Polisi wameshaamua kuwa alikuwa akicheza, akateleza. Jirani yake, Smilla Jaspersen, mwanamke wa miaka 37, anapanda paani na kuzitazama nyayo za mtoto kwenye theluji. Anajua mambo mawili ambayo polisi hawayajui, au hawana haja ya kuyajua. La kwanza, Isaiah alikuwa akiogopa sana mahali pa juu. La pili, nyayo hizo si za mtoto anayecheza, maana anayecheza huzunguka, husimama, hurudi alikotoka. Hizi zinakwenda mbio moja kwa moja hadi ukingoni.

Smilla anazisoma kwa sababu alizaliwa kaskazini kabisa mwa Greenland. Mama yake alikuwa Mwinuit, wa wenyeji asilia wa huko, mwindaji. Baba yake ni daktari tajiri wa Kidenmark. Mama alipopotea baharini, mtoto akapelekwa Denmark, na kutoka hapo maisha yake yakawa ya kutoroka na kurudishwa. Katika sentensi ya kwanza kabisa anaitaja theluji inayoanguka kwa jina lake la Kigreenland, qanik, na papo hapo anakiri kuwa lugha hiyo si yake tena. Mimi hapo ndipo nilipoketi vizuri. Sisi tunayo theluji na barafu, na hata hayo maneno mawili wengi wetu tunayachanganya. Yeye ana jina la barafu changa, la barafu nzee, la vipande vinavyoelea, kila moja na tabia yake, na bado analia kimoyomoyo kwamba anapoteza. Mtu anayehesabu mali yake huku inamponyoka mkononi.

Mpenzi wetu wa riwaya za upelelezi, ambaye humaliza mbili kwa wiki na kukisia muuaji kabla ya sura ya tano, hakuguswa na lolote kati ya hayo. “Nilimtafuta muuaji,” alisema, “nikapewa somo la jiografia.” Kwake kosa ni la kiufundi: fununu inapatikana, tunashika pumzi, halafu Smilla anageuka kutueleza jinsi maji ya chumvi yanavyoganda. Anasema aliruka kurasa bila aibu. Tulimwuliza kama aliruka pia mahali Smilla anapoeleza namba, akasema hizo ndizo alizoziruka za kwanza.

Mwalimu nusura atoke nje. Kwake yeye kurasa hizo ndizo kitabu. Smilla, ambaye hupumzika kwa kusoma jiometri ya Euclid, Mgiriki wa kale, anazifananisha namba na ukuaji wa binadamu: namba asilia ni mtoto anayehesabu mawe, kisha anakuja kuhisi amepungukiwa na kitu, na hisia hiyo ya kupungukiwa ndiyo inayozaa namba hasi. Mwalimu alisema amefundisha namba hasi miaka mingi kwa mfano wa deni, na hakuwahi kufikiri kwamba zingeweza kuwa hamu. Sikubaliani naye kwamba ndizo kitabu kizima. Ila nakubali kwamba ukiziruka huwezi kumwelewa huyu mama: ni mtu anayeweza kukuelezea hamu kwa hesabu lakini hawezi kumwambia mtu yeyote kwamba ana huzuni.

Na kweli, Smilla hapendezi. Hili nilisema mimi, nikapata wa kuniunga mkono. Ana kiburi, ana ulimi mkali, anawadharau Wadenmark huku nguo zake za gharama zikilipwa na baba Mdenmark anayegombana naye. Anaingia nyumba za watu bila hodi. Anamwonea hata fundi Peter, jirani mpole mwenye kigugumizi ambaye ni wazi anampenda. Katika riwaya nyingi za namna hii mpelelezi akiwa mkorofi, mwandishi humtengea paka au mtoto wa dada ili tumsamehe. Hapa aliyekuwa angemlainisha ni Isaiah, naye amekufa tangu ukurasa wa kwanza. Urafiki wao tunaupata kwa vipande, kwa kumbukumbu zinazokuja bila kuitwa: mtoto wa mama mlevi, mchafu, mkimya, anayeketi kusomewa jiometri kwa sababu hakuna anayemsomea kingine. Kila kipande kinaongeza uzito wa zile nyayo paani. Sijasoma riwaya nyingine ya upelelezi ambamo marehemu anazidi kuwa hai kadiri kurasa zinavyosonga.

Dada muuguzi alisimama kwanza upande wa kitabu, halafu akahama. Kilichomshika ni habari ya mwili wa mtoto: Smilla anagundua kwamba mtoto akiwa ameshakufa, mtu alimchoma sindano na kuchukua kipande kidogo cha msuli. Nani anachukua sampuli kwa maiti ya mtoto aliyeteleza tu? Dada alisema alisoma hapo usiku, peke yake, akaamka kuwasha taa ya ukumbini. Lakini tulipofika kwenye jibu, upande wa mwisho wa kitabu, alichukia kabisa. (Asiyetaka kuharibiwa utamu aruke hadi aya inayofuata.) Jibu linahusu jiwe lililotoka angani na mdudu anayeishi katika maji yaliyolizunguka, kwenye kisiwa cha barafu. Dada aliuliza maswali manne ya kitaalamu kuhusu mdudu huyo na hakuna aliyeweza kumtetea. Mimi sikujaribu. Kwa kurasa mia kadhaa mwandishi ametufundisha kuamini ushahidi mdogo, nyayo, tone la maji, alama ya sindano. Halafu anatuletea kitu kikubwa cha kutisha na kutuomba tuamini hivihivi.

Kitabu kina sehemu tatu: Mji, Bahari, Barafu. Wengi wanaokilaumu hulaumu mwisho, kwamba haueleweki, kwamba umeachwa hewani. Nilikuwa miongoni mwao nilipokisoma mara ya kwanza miaka iliyopita. Safari hii nimebadili mawazo. Mwisho hauna hatia. Kosa linaanza kwenye meli.

Mji ni kazi ya bingwa. Smilla anatoka ofisi hadi ofisi, kila mtu ana adabu, kila mlango unafungwa polepole. Kuna mhasibu mstaafu, Elsa Lübing, mcha Mungu aliyelitumikia shirika la madini ya kryolite maisha yake yote, na mazungumzo ya wanawake hawa wawili yana hatari kuliko risasi zote za baadaye: mmoja anauliza bila kuuliza, mwingine anajibu bila kujibu, na mwishowe bibi anaamua dhamiri yake iko upande gani. Kuna pia afisa wa serikali anayejua kwamba Smilla haogopi kufa bali kufungiwa ndani, naye anamtisha kwa hilo, kwa upole, kama mtu anayekukaribisha chai.

Na chini ya mji huo iko Greenland. Shirika la kitabuni ni la kubuni, lakini kryolite si ya kubuni: ni madini yaliyochimbwa Ivittuut, Greenland, na kutumika kuyeyushia alumini, mpaka mgodi ulipofungwa mwaka 1987. Greenland ilikuwa koloni la Denmark hadi 1953, na mwaka huohuo Wainuit wa Thule, kaskazini mwa Greenland, walihamishwa ili kupisha kambi ya ndege za kivita ya Marekani. Miaka miwili kabla, 1951, watoto 22 walitolewa Greenland wakapelekwa Denmark wafanywe Wadenmark wadogo. Serikali ya Denmark iliomba radhi mwaka 2020. Høeg haelekei kutoa mihadhara ya historia, lakini ukiyajua haya, ile hukumu ya haraka ya polisi, mtoto alicheza akateleza, inasikika vingine. Mpenzi wa upelelezi aliuliza kwa nini Smilla ahangaike hivyo kwa mtoto asiye wake. Muuguzi akamjibu kabla yangu: kwa sababu alikuwa Mgreenland mdogo asiye na mtu, na yeye aliwahi kuwa hivyo.

Sasa meli. Smilla anaingia kwenye Kronos kama mfanyakazi wa usafi na vyumba, meli inaelekea kaskazini, na wote ndani yake wanaficha kitu. Hapa nilimtegemea mzee wetu, aliyefanya kazi baharini tangu ujana. Nilidhani angekichana kitabu. Badala yake alisifu mambo nisiyoyaona: mtetemo wa injini unaousikia kwenye meno, jinsi mtu wa dobi anavyojua siri za mabaharia wote kuliko nahodha, upweke wa chakula cha pamoja. “Huyu ameipanda meli,” alisema. Kisha akageuza kichwa. “Lakini mwanangu, yule mama kapigwa mara ngapi? Kila baada ya kurasa ishirini kapigwa, kaamka, kapanda ngazi. Baharia halisi angelala siku tatu.”

Hapo ndipo penyewe. Smilla wa mjini alishinda kwa kujua. Smilla wa melini anashinda kwa kuponea chupuchupu, na mtu yeyote wa filamu za ngumi angeweza kuponea vilevile. Ujuzi wake wa barafu, ambao tuliusubiri meli ifike kwenye barafu yenyewe, unarudi kwa nguvu mwishoni kabisa tu. Bille August aliitengeneza filamu mwaka 1997, Julia Ormond akiwa Smilla, na ni wazi filamu ililichukua hilo la melini na kulifanya ndilo jambo. Nimeiona mara moja, inanitosha.

Ndiyo maana mwisho siulaumu tena. Smilla anamfuata adui yake juu ya barafu, na kitabu kinakoma hapo, kwa sentensi inayosema waziwazi kwamba suluhisho halitakuwapo. Mpenzi wa upelelezi aliita huo wizi. Mimi nauona kama mara ya kwanza tangu Copenhagen ambapo Høeg anamrudishia Smilla hadhi yake. Wenye mafaili ndio wanaotaka kesi ifungwe. Mtoto aliyefungiwa faili siku ya kwanza alitosha.

Kwa atakayekitafuta: soma Mji bila kukatisha, ikiwezekana siku mbili. Melini usijilazimishe, soma kwa mwendo wa meli. Kati ya matoleo mawili ya Kiingereza mimi nachukua lile lenye jina la Nunnally. Mzee wetu hakubaliani. Anasema lile la F. David linasomeka kama mtu anayezungumza, na ameazima nakala yangu ayalinganishe ukurasa kwa ukurasa. Wiki ya tatu sasa, na juzi nilipomwuliza aliniambia bado wako bandarini.