Bushi za difu, gereji isiyo na kibao, Tabora

Kwa miezi minne gari langu lilikuwa linapiga hodi. Nikiachia mafuta, "ko!" Nikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, "ko!" nyingine, hukohuko nyuma chini ya kiti, utadhani nimemfungia mtu kwenye buti. Ni Altezza ya mwaka 1999, gia sita za mkono, injini ya 3S-GE, ile ya farasi 210 wanaosukuma matairi ya nyuma. Mdogo wangu aliniachia alipohamishiwa Mtwara, na mimi muuza dawa wa miaka thelathini na nane nikajikuta naendesha gari la vijana, baba watoto akicheka.

Fundi wa kwanza alisikiliza kidogo tu, akasema propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu ya injini nyuma. Akabadilisha beringi ya kati, akachukua laki na ishirini yangu. Kesho yake asubuhi, natoka getini: "ko!"

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja upande wa Isevya. Hana kibao, ana mwembe. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia "marahaba mwanangu", kisha hakugusa hata spana. Alikaa kiti cha abiria tukazunguka mtaa. Tuliporudi akaweka magogo kwenye matairi, akainua nyuma kwa jeki na stendi, akapenyeza mtaimbo kati ya difu, lile boksi la gia linalogawa nguvu kwa matairi ya nyuma, na fremu inayolibeba, akaubinya kidogo. Akaniita nichungulie. Difu nzima iliinuka kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Mpira wa bushi, ile pete ya mpira na chuma inayoishikilia difu kwenye fremu, ulikuwa umepasuka kuzunguka chuma cha katikati, na upande mmoja ulikuwa laini kama ubani uliotafunwa, maana sili ya ekseli ilikuwa inavuja na oili imeula. Yaani kila nikiweka moto difu inajipinda, nikiachia inarudi na kugonga chuma kwa chuma. Propela haikuwa na kosa lolote, maskini.

Spea ndiyo ilinichelewesha. Maduka ya hapa yamejaa vitu vya Noah, IST na bodaboda, kwa hiyo niliagiza Dar, Gerezani. Nikapewa njia tatu: bushi mpya za mpira, bushi nyekundu za poliyurethani, au fremu nzima iliyotumika kutoka Japani na bushi zake ndani. Mimi nilishazitamani zile nyekundu. Mzee akauliza, "Mwanangu, unakwenda mashindanoni au kazini?" Akanieleza kwamba zile ngumu zinaishika difu vizuri kweli, ila mlio wa gia wote unahamia ndani kwako, na zisipopakwa grisi yake zinalia kama kitanda cha chuma. Fremu ya Japani nayo ina bushi zenye umri uleule wa gari langu. Ningekuwa nimenunua uzee wa mwenzangu. Nikachukua za mpira, laki na themanini, pamoja na elfu kumi ya basi.

Kazi yenyewe niliitazama karibu yote, na hapa ndipo pesa yangu ilipokwenda kihalali. Nimewahi kuona mafundi wakichoma bushi kwa gesi mpaka moshi mweusi unafunika mtaa. Huyu alikataa, tangi la petroli liko jirani pale. Aliukata mpira, akaingiza msumeno wa chuma kwenye ganda la nje, akakata taratibu upande mmoja bila kuigusa fremu, ganda likalegea. Kabla ya hapo aliomba kitu cha kuwekea alama. Bushi hizi zina matundu ndani ya mpira, na yanatakiwa yaelekee kulekule yalikokuwa. Nikatoa rangi ya kucha kwenye mkoba. Mpaka leo fremu ya Altezza yangu ina nukta mbili za pinki.

Bushi mpya zililala kwenye friza ya mama wa jirani pamoja na juisi za ukwaju, ili chuma kisinyae kidogo. Presi, mashine ya kusukumia bushi ndani, hana. Alitumia bolti ndefu, nati, na kipande cha bomba kinachobana kwenye ganda la nje tu, maana ukisukuma kwenye chuma cha katikati unauchana mpira kabla haujafanya kazi hata siku moja. Mafuta yake ni maji ya sabuni. Kwa kuwa difu ilishashuka, akabadilisha na sili, akajaza oili mpya ya difu, daraja la GL-5, niliyonunua mwenyewe. Ufundi: elfu themanini.

Sasa lawama. Aliniambia siku mbili, zikawa tano. Jumatano kulikuwa na msiba, sawa, misiba ipo kwa kila mtu, lakini simu pia ipo. Risiti hakuna. Egzosti aliirudisha akasahau mpira mmoja wa kuning'inizia, nikarudi siku ya pili ikigongagonga, akaufunga bure huku akijicheka. Na ule mwembe! Tulikuwa Novemba. Nilikuta boneti ina kibonyeo cha embe. Nilipomwonyesha, alilitazama kwa muda, akasema, "Hizo dodo, zina uzito."

Jumapili nililipeleka gari mpaka Nzega na kurudi. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, kimya. Kwenye matuta nikaachia mafuta makusudi, kimya. Gari limetulia hivi kwamba sasa nasikia kitu ambacho zile "ko" zilikuwa zinakificha, mlio mwembamba kwenye tairi la mbele kushoto ukikata kona. Jumamosi narudi kwa mzee, ila nitaegesha juani.