AC ya inveta kwenye joto la Dar: nimeipima kwa LUKU

Saa tisa usiku, mwezi wa pili, LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ikaanza kulia. Elfu kumi nilikuwa nimeweka juzi yake tu. Mke wangu, macho yamefumba vilevile, akasema, "Baba watoto, hiyo AC yako inakula kuliko sisi." Nikanunua umeme kwa simu, nikaingiza zile tarakimu 20 nikiwa nusu usingizini, nikakosea mara mbili. Siku hiyo ndipo nilipoamua kuijua AC yangu inakula kiasi gani hasa, badala ya kugombana nayo kwa kuhisi.

Ilikuwa AC ya kawaida ya BTU 12,000, yaani kipimo cha nguvu yake ya kupoza. Jirani aliyekuwa anahama aliniuzia kwa laki tatu na nusu na mimi nikajiona mjanja. Tunakaa Tabata, nyumba ya bati na dari ya jipsamu, dirisha la chumba chetu linatazama magharibi. Jua la alasiri linaupika ule ukuta, na usiku ukuta unaturudishia joto lote hadi alfajiri. Nyuzi 32 za Januari ukizisikia redioni si kitu cha kutisha. Kinachoua ni unyevu, shuka kuganda mgongoni saa saba usiku na kaskazi imelala.

Kupima ni rahisi, hakuhitaji kifaa. Nilisoma mita saa nne usiku na saa moja asubuhi, nikaandika kwenye daftari la mtoto la hesabu. Usiku wa pangaboi peke yake, friji likiendelea kama kawaida, zilitoka uniti 1.1. Usiku wa AC ya zamani ikiwa nyuzi 22, zilitoka 7.7. Nilirudia siku nne nikidhani nimesoma vibaya.

Sisi tunalipa bei ya 292 kwa uniti. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA, wadhibiti wa nishati, asilimia 1, inakuja kama 356. Ndiyo maana elfu kumi inakupa uniti 28 na kidogo, na ukinunua kwa mara ya kwanza kwenye mwezi, kodi ya jengo ya 1,500 inakatwa humohumo, unabaki na 23 na ushee. Kwa AC ile, huo ni umeme wa siku tatu, hapo hujapiga pasi.

Basi mwezi wa kumi na moja nikaingia Kariakoo kabla bei hazijapanda. AC ya inveta ya BTU 12,000 nikaipata kwa 1,150,000, dukani hapohapo ya kawaida ya ukubwa uleule ilikuwa 850,000. Muuzaji akaniapia, "Bosi, hii inapunguza umeme asilimia 60." Sikumwamini, lakini nilimwamini vya kutosha kutoa hela.

Tofauti yake niliiona kwenye taa nyekundu ya mita, ile inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Ya zamani kompresa yake, ile pampu inayosukuma gesi, ina hali mbili tu: ikiwaka inavuta nguvu zote, ikifika ubaridi inazima kabisa, kisha inaanza upya kwa mshindo na taa za nyumba zinafifia. Ya inveta inaanza kwa nguvu nusu saa hivi, taa inapepesa kama imekasirika, halafu kompresa inapunguza mwendo taratibu na taa inatulia. Haizimi, inatembea polepole. Na haipigi kelele. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka kuhakikisha kama bado inafanya kazi.

Usiku wa kwanza, nyuzi 25, mita ilisoma 4.3. Toa ile 1.1 ya friji na feni, AC yenyewe imekula 3.2 badala ya 6.6. Nusu, basi. Na sehemu ya nusu hiyo ni kwa sababu tulitoka nyuzi 22 kwenda 25, sitaki kuipa mashine sifa zisizo zake. Kwa hesabu ya mwezi ni kama 36,000. Kwa miezi minne ya joto, Desemba hadi Machi, haifiki laki moja na nusu, maana yake ile laki tatu niliyoongeza dukani itarudi baada ya misimu miwili na zaidi kidogo.

Ingerudi mapema kama si fundi. Aliifunga kwa saa moja na nusu, nikamsifu kwa haraka yake. Wiki ya tatu chumba hakipoi na mita imerudi kwenye 6. Fundi akaja, akagusa bomba, akasema gesi imeisha, niongeze elfu themanini. Gesi ya AC si mafuta ya pikipiki, haiishi kwa kutumika. Ikipungua, inavuja. Nilimwita mwingine, akapaka povu la sabuni kwenye nati za nje na mapovu yakatoka hapohapo. Akafunga upya, akavuta hewa na unyevu kwenye mabomba kwa pampu ya vakyumu, kazi ambayo wa kwanza hakuigusa kabisa, ndipo akajaza gesi. Ukinunua, muulize fundi kama ana pampu hiyo kabla hajapanda ngazi. Pia weka ile gadi ya kulinda umeme ukikatika na kurudi, kwa sababu inveta ina bodi ya kielektroniki, na bodi ikiungua bei yake itakufanya uikumbuke ya zamani kwa mapenzi.

Mchana ni habari nyingine. Jumapili moja shemeji yangu alikuja na wanawe, wakaikalia AC chumbani kuanzia saa sita mchana hadi saa mbili usiku, mlango unafunguliwa kila dakika, rimoti imewekwa nyuzi 16 "ili ipoe haraka". Haipoi haraka zaidi, namba hiyo inaiambia tu isipumzike. Uniti 8 zilikwenda. Inveta isiyofikia ubaridi ulioiagiza haina faida yoyote juu ya ile ya kawaida. Tulikuja kuweka pazia zito kwenye dirisha la magharibi, na usiku ambao si mkali sana tunaweka alama ya tone la maji, ile ya kukausha hewa, na pangaboi polepole. Kwa joto la pwani hiyo inatosha kuliko watu wanavyodhani.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna muuzaji wa Kariakoo atakuambia. Kabla ya AC yoyote, sisi tulikuwa watu wa uniti 68 kwa mwezi, kwenye tarifa ya watumiaji wadogo, uniti 75 kwa 9,150. Ukivuka 75 kule, uniti ya ziada inapigwa 350 kabla ya kodi, na ukizoea kuvuka unahamia kwenye bei ya kawaida kama sisi. Sasa piga hesabu: uniti 3.2 kwa usiku mara 30 ni 96. Inveta peke yake, hata kabla ya friji na taa, imeshakutoa. Na ukishatoka, zile 75 za 9,150 unazilipia kama 26,700, pamoja na Juni na Julai ambapo AC imefunikwa kwa kanga na hakuna anayeikumbuka. Hiyo elfu 17 ya kila mwezi haiandikwi kwenye kibandiko cha dukani, na hakuna inveta inayoirudisha.

Kwa hiyo kama una AC ya zamani na tayari unalipa bei yetu hii, badilisha, mimi sijutii na usingizi wangu ni mzuri. Kama bado unanunua umeme wa 9,150, nunua pangaboi ya pili kwanza, weka pazia upande wa magharibi, ulale mlango wa chumba wazi msimu mmoja uone. Mdogo wangu wa Mbagala nilimwambia hivyo, akasema nawaonea wivu wasipate ubaridi. Amefunga yake mwezi wa kwanza. Juzi kaniuliza kama inawezekana kurudishwa kwenye uniti za bei ndogo.