Manukato ya kuchomeka ukutani: yalichomfanyia mwanangu, na majibu niliyopewa dukani

Kwanza niseme kweli, harufu yenyewe ni nzuri. Masika haya chumba cha watoto kilikuwa kinanuka uvundo, nikadhani ni mvua, nikanunua hiki kidude cha kuchomeka kwenye soketi. Usiku wa kwanza nilisimama mlangoni navuta tu pumzi, limau na lavenda. Ningeandika asubuhi ile, ningewapa nyota zote tano.

Usiku wa tatu, au wa nne, binti yangu wa mwisho akaanza kukohoa. Ana pumu, ila ilikuwa imetulia siku nyingi. Kikohozi kikavu, halafu kifua kikaanza kupiga mluzi, mbavu zinabonyea kila akivuta hewa. Tukampa pampu yake ya bluu, wapi. Tukamwamsha jirani mwenye bajaji. Daktari alipomtuliza akaniuliza, "Mama, nyumbani mmeongeza kitu gani siku hizi? Rangi, udi, dawa ya mbu, manukato?" Nilikufa ganzi.

Sasa hasira yangu ni hii. Nilikirudisha dukani, na sikudai hata senti. Nilitaka tu wawe wanawaambia wateja wenye watoto wa pumu. Kijana wa kaunta, macho kwenye simu: "Mama, harufu haiui mtu. Mbona wengine wananunua? Labda nyumba yako ndiyo chafu." Mbele ya foleni! Mimi ninayepiga deki mara mbili kwa siku!

Nikaligeuza boksi palepale. Mbele wameweka picha ya mtoto amelala, madirisha yamefungwa. Nyuma, kwa herufi ndogo kama punje za ulezi: kitumike penye hewa ya kutosha. Lipi sasa tulifuate? Viambato navyo, neno moja tu, "manukato", na humo ndani kemikali zinaweza kuwa kadhaa wa kadhaa. Ile limonini inayotoa harufu ya limau ikikutana na ozoni hewani huzaa fomaldehaidi. Na fomaldehaidi ndiyo ambayo IARC, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani, iliitaja mwaka 2004 kuwa inasababisha saratani kwa binadamu. Sisemi kidude kimoja kitakupa saratani, kiasi kinachotoka ni kidogo. Lakini mtoto mwenye pumu kulala nacho usiku kucha, mlango umefungwa?

Na mnaotaka kuniambia nirudi kwenye udi wetu wa asili, moshi ni moshi. Mama mkwe nimemwomba kwa heshima zote achomee uani, amekubali.

Nilikaa kuandika nikiwa na nia ya kuwapa nyota mbili, maana nyumba isiyo na mwenye pumu huenda wasione shida yoyote. Nilipofika kwenye lile neno "chafu" nimezifuta. Hampati hata moja.

Ule uvundo, kumbe bomba la bafuni lilikuwa linavuja ndani ya ukuta. Fundi amelibadilisha, ukuta unakauka, na dirisha silifungi tena mchana. Pazia nimelifua mara mbili, na bado nikilisogelea nasikia lavenda, kwa hiyo leo nimelitoa kabisa chumbani kwake.