Airisi nne za posta, baada ya miaka mitatu Brooklyn Park, Minnesota

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata kwa sababu ya duka. Maua yenyewe sina ugomvi nayo.

Julai 2022 niliagiza mtandaoni matunguu manne ya airisi, zile ndefu zenye ndevu. Dola 14 kila moja, usafirishaji 12, jumla 68. Mke wangu akauliza kama nimenunua maua au spea ya gari. Nilikuwa nimeziona kwa jirani, mzee mmoja mstaafu. Ukipita kwake mwezi wa Juni unapunguza mwendo, hata kama umechelewa. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, narudi saa moja na nusu asubuhi, na saa hiyo jua linayapenya yale maua kutoka upande wa pili kama taa ndani ya kitenge. Nikayataka.

Boksi lilifika wiki ya kwanza ya Agosti. Hakuna udongo, hakuna chungu. Kila tunguu limo kwenye mfuko wake wa karatasi, majani yamekatwa yakabaki urefu wa kiganja, mizizi imekauka kama nyuzi za katani, na jina limeandikwa kwa wino mweusi juu ya jani lenyewe. Kwa asiyejua, hiyo ni tangawizi: nene, ina mafundo, ngozi ya kahawia. Nilidhani zimenifia njiani. Kumbe husafirishwa hivyohivyo. Tunguu lina akiba yake ya chakula, na unyevu ndio ungeliozesha ndani ya boksi. Kwa ufungashaji nawapa alama zote.

Nilichagua kwa medali, maana sikuwa na kipimo kingine. Medali kubwa ya airisi Marekani ni ya Dykes, yenye jina la Mwingereza William Rickatson Dykes, bingwa wa maua haya. Aina iitwayo Beverly Sills, ya waridi kama nyama ya pera jekundu, iliipata 1985. Dusky Challenger, zambarau iliyokolea hadi karibu na nyeusi, 1992. Edith Wolford, petali za juu njano na za chini buluu yenye zambarau, 1993. Ya nne, Immortality, nyeupe, niliichukua kwa sababu inasifiwa kuchanua mara ya pili wakati wa vuli, kabla ya baridi kuingia. Hiyo Dusky Challenger ni kazi ya Schreiner wa Salem, Oregon, na nilifurahi kujua kwamba familia hiyo ilianzia biashara ya airisi hapahapa St. Paul, miaka ya 1920, kabla ya kuhamia magharibi. Duka nililonunua mimi ni jingine.

Sasa upandaji. Mimi ni mtu wa Machame, Kilimanjaro. Nimekulia ndani ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani, na kwetu ukiupenda mmea unaulisha: samadi, majani makavu shinani, maji ya mfongo (mfereji wetu wa shambani), kivuli kidogo. Airisi inataka kinyume cha kila kimoja hapo.

Siku ya kwanza nilichimba mashimo ya kina kama ya magimbi, nikafukia, nikashindilia, nikamwagilia. Yule mzee jirani alikuwa anatazama kutoka barazani kwake. Alivuka barabara, akapiga goti kwa taabu, akaanza kufukua kwa vidole bila hata kuniomba ruhusa. Akanionyesha: unatengeneza kichuguu kidogo katikati ya shimo, unalikalisha tunguu juu yake kama mtu aliyepanda farasi, mizizi unaiteremsha pande zote mbili, unarudisha udongo. Likikaa sawa, mgongo wake unaonekana kidogo juu ya ardhi, kama mgongo wa kiboko majini. Ukiuzika sana halichanui. Linaota majani tu, mwaka baada ya mwaka, na wewe unalaumu duka.

Udongo wangu ni wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unashika maji kama sufuria. Kwa hiyo niliinua tuta sentimeta 15 hivi, nikachanganya mchanga mnene na mboji kidogo. Nafasi kati ya moja na jingine, sentimeta 45. Tazama pia upande gani majani yameelekea, kwa sababu tunguu hutambaa kuelekea kwenye majani yake. La kwangu moja nililielekeza kwenye njia ya zege, na mwaka wa pili lilikuwa linaligonga zege kama ng'ombe anayetafuta mlango wa zizi.

Mahali pa kupanda palinisumbua, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, maana maelezo ya duka yalisema "jua la kutosha" yakaishia hapo.

Machame jua linapita utosini. Ukuta una pande mbili tu kwako, wa asubuhi na wa jioni. Minnesota jua limeegemea kusini mwaka mzima, na ukuta wa kaskazini wa nyumba ni kivuli karibu siku nzima. Mmea huu unahitaji angalau saa sita za jua moja kwa moja. Nilipima kwa njia ya kishamba: siku ya mapumziko nilichomeka vijiti uani, nikawa natoka kila saa moja kuandika kijiti gani kiko juani. Mke wangu alipiga picha, ipo kwenye kundi la ukoo. Sehemu mbili tu zilifaulu: ukanda wa mbele ya gereji, na uzio wa mbao upande wa mashariki. Ukanda wa tatu ulikuwa kando ya njia ya gari, jua tele, lakini huko ndiko theluji yote hurundikwa wakati wa baridi pamoja na chumvi ya barabarani, na ikiyeyuka Aprili panakuwa kinamasi. Nikaukata. Na chini ya bomba la maji ya paa usijaribu kabisa.

Kosa langu hapo lilikuwa la rangi. Dusky Challenger niliiweka mbele ya uzio, ambao ni kahawia iliyokolea. Juni 2023 ilipochanua, mashina karibu mita moja, maua mapana kuliko kiganja changu, ukiwa umesimama barabarani hukuona kitu. Shimo jeusi kwenye ubao mweusi. Immortality nayo ilikuwa mbele ya gereji, nyeupe kwa nyeupe. Baada ya maua nikazibadilisha. Sasa ile ya giza iko mbele ya ukuta mweupe, nyeupe iko mbele ya uzio, na kwa mara ya kwanza watu wa mtaa wakaanza kusimama kwangu. Beverly Sills nimeiweka karibu na mlango, kwa sababu rangi yake ni ya kutazamwa ukiwa na kikombe mkononi. Ukiwa mbali inafifia.

Asubuhi ya kwanza ya Dusky Challenger sitaisahau. Jana yake kitumba kilikuwa kimejifunga kama mwavuli mwembamba. Narudi kazini, petali tatu zimesimama zikakutana juu kama mikono inayoomba, tatu zimeanguka chini, zina mng'ao kama mahameli iliyoloa, na katikati ya kila moja ile mistari ya nywele fupi wanayoita ndevu. Nyuki bambi alitua kwenye ndevu, akajikokota kuingia ndani, akatoka mgongo umepakwa unga. Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Ua moja linadumu siku mbili tatu, lakini shina moja lina vitumba kadhaa, hivyo onyesho linaenda wiki mbili na zaidi. Onyo moja: ua lililokufa hugeuka ute wa zambarau, kama wino. Nililichuma nikiwa na sare ya kazini. Sare hiyo sasa ndiyo ya kuoshea gari.

Turudi kwenye nyota niliyoikata. Juni hiyohiyo 2023 Edith Wolford ilifungua, na haikuwa Edith Wolford. Hakuna njano, hakuna buluu. Ilikuwa kahawia yenye wekundu wa mbali, rangi kamili ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikaandika kwa duka. Jibu lilikuja baada ya siku 11: tuma picha. Nikatuma. Wakakubali kosa, wakasema watatuma jingine Julai, wakati wa kuchimba. Julai ikapita, Agosti ikapita, nikakumbusha mara mbili. Tunguu lilifika katikati ya Septemba, bila neno la pole.

Wasioishi kwenye baridi wataniona nalalamika bure, lakini huku tunguu linataka wiki sita hivi za kushika mizizi kabla ardhi haijaganda. Hili halikuwa nazo. Ardhi ikaganda, ikayeyuka, ikaganda tena, na Aprili 2024 nikalikuta limesukumwa nje kama jino la mtoto, limelala juu ya tuta. Nililirudisha, nikaliwekea tofali juu wiki chache. Likapona, ila halikuchanua hadi Juni 2025. Miaka mitatu kungoja ua nililolilipia! Ni zuri, sikatai. Na lile la mbege nimebaki nalo, halina jina, na ndilo ambalo wageni wa nyumbani wanalisifu zaidi, pengine kwa sababu zao.

Kosa jingine ni langu peke yangu. Kiangazi cha 2024 niliona nafasi tupu kati ya airisi, na mtu wa Machame haachi ardhi tupu, nikapanda mchicha. Mchicha ukapanda hadi kiunoni, nikawa naumwagilia kila jioni, na kabla ya hapo nilikuwa nimeweka mfuko mzima wa samadi. Mwishoni mwa Julai majani ya Beverly Sills yakalala. Nikavuta moja, likang'oka bila kugoma, na harufu iliyonipiga niliijua kutoka kazini. Tunguu lilikuwa uji. Ni bakteria wa kuoza, hustawi kwenye joto na unyevu, na samadi nyingi hulainisha mmea ukawa chakula chao. Nilichukua kijiko cha jikoni, nikakwangua ule uji mpaka nikafika kwenye nyama ngumu nyeupe, nikapaka maji yenye jiki kidogo, nikaacha kidonda wazi juani siku tatu. Vipande viwili vikaokoka. Kijiko hakikurudi jikoni.

Tangu hapo siweki matandazo wala samadi. Maji ni ya mungu, isipokuwa wiki za kwanza baada ya kupanda. Majani makavu nayaondoa yote kabla ya theluji, kwa sababu nondo mmoja wa huku hutaga mayai humo na kiwavi wake hushuka hadi ndani ya tunguu. Baridi yenyewe haizisumbui, zimelala kwenye baridi inayokaribia nyuzi 30 hasi za Selsiasi na zikaamka. Immortality ilinipa maua mawili mwishoni mwa Septemba 2024, mara moja tu. Kama unanunua kwa ajili ya hayo ya vuli na unaishi huku juu, usihesabu.

Kuna jambo moja ambalo kihamba kilinifundisha sawasawa: tunguu moja huchanua mara moja tu, kama mgomba unavyozaa mkungu mmoja. Watoto wa pembeni ndio wa mwaka unaofuata. Baada ya miaka mitatu wamebanana, unachimba, unatupa mama mzee wa katikati, unapanda watoto. Nilifanya hivyo Julai 2025. Dusky Challenger peke yake ilinipa saba. Ukigawa dola 68 kwa yote niliyonayo sasa, bei si mbaya hata kidogo.

Niliyatandaza gereji yakauke. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Moshi, na asubuhi moja narudi kazini namkuta jikoni na kisu, maji yanachemka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Tangawizi ya huku mbona haina harufu?"

Nilizima jiko kabla sijavua koti. Tunguu la airisi ni sumu, linaunguza mdomo na kutapisha. Duka halikuandika hilo popote kwenye boksi, nalo ningewashauri waandike. Ya kwangu ya ziada yako kwenye mifuko ya karatasi gereji, ni ya bure kwa atakayefika, na juu ya kila mfuko nimeandika kwa kalamu nene: SI TANGAWIZI.