Betri za sola kwenye baridi ya Makete, Njombe: stoo ya ndani au kibanda cha nje?

Stoo ina joto na waya unakuwa mfupi. Hapo sina ubishi. Ila betri za maji (zile za asidi, za kuongezwa maji) zikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na stoo zetu nyingi hazina hata dirisha. Hizo mimi nazitoa nje: kibanda cha tofali, kila ukuta tabaka mbili zenye nafasi katikati, dari chini ya bati, tundu la hewa chini na jingine juu kabisa, maana haidrojeni hupanda. Weka wavu, panya wa huku hawana adabu. Julai, sakitu ikilala kwenye majani ya viazi, chaji itapungua kidogo. Vumilia.

Lithiamu je? Chini ya nyuzi 0 haifai kuchajiwa. Iache stoo, si chumba cha kulala.