Uzoefu wangu na HTTPX: ukomo wa kusubiri wa aina nne

Ninaitumia HTTPX, maktaba ya lugha ya programu ya Python ya kutuma maombi ya HTTP (itifaki ya mawasiliano ya wavuti), katika mfumo wa duka unaotuma maombi ya malipo ya simu kwenye seva ya kampuni nyingine, na kilichonivutia zaidi ni namna inavyoshughulikia muda wa kusubiri. Requests, maktaba niliyoizoea kabla yake, haiweki ukomo wowote usipoutaja mwenyewe, kwa hiyo seva ikinyamaza, programu inaweza kuganda ikisubiri. HTTPX huweka sekunde 5 hata kama hukuandika chochote.

Thamani yake kubwa, hata hivyo, ni kutenganisha ukomo wa kuunganishwa na seva, wa kusoma jibu, wa kutuma data na wa kusubiri muunganisho ulio huru. Kila mmoja una hitilafu yake, na tofauti hiyo ni muhimu mno panapohusika fedha za watu. Ikitokea ConnectTimeout (muda wa kuunganishwa umekwisha), ombi halijatumwa, hivyo kulirudia hakuna madhara. Ikitokea ReadTimeout (muda wa kusoma jibu umekwisha), huenda ombi lilishafika na malipo yakakamilika, ila jibu ndilo lililochelewa, na mfumo unaolirudia pasipo seva kutambua namba ya muamala unaweza kumkata mteja mara mbili. Ndiyo maana naunga mkono kwa dhati kwamba kigezo cha retries (idadi ya kurudia) katika HTTPTransport, sehemu ya HTTPX inayosafirisha maombi, hurudia tu pale muunganisho wenyewe uliposhindikana. Mimi huandika httpx.Timeout(10.0, connect=3.0), yaani sekunde 3 za kuunganishwa na 10 kwa aina nyingine: seva isiyopatikana naiacha mapema, inayoshughulikia ombi naivumilia. PoolTimeout, hitilafu ya kukosa muunganisho ulio huru, nayo hunionyesha kwamba miunganisho yote, ambayo kwa kawaida haizidi 100, imeshikwa, na mara nyingi chanzo chake nakikuta katika msimbo wangu, si kwenye seva ya mbali.

Upungufu wake ni kukosa ukomo wa jumla. Muda wa kusoma huhesabiwa upya kila kipande cha data kinapofika, kwa hiyo seva inayotoa kipande kila baada ya sekunde 4 haivuki kamwe ukomo wa sekunde 5, hata jibu zima likichukua dakika nyingi. Kwenye asyncio, maktaba ya Python ya kuendesha kazi nyingi kwa zamu bila kusubiriana, nalifunga ombi lote ndani ya asyncio.timeout, iliyokuja na Python 3.11 mwaka 2022. Kwa Client ya kawaida ya HTTPX, isiyotumia asyncio, sijapata njia nyepesi kama hiyo, na ningefurahi sana kuona watunzaji wakiongeza kigezo cha tano, cha ukomo wa jumla.